Rundo Chini ya Majani

Habari ya kifo cha Consolata niliipata sokoni Rumonge, mbele ya meza ya mama anayeniuzia mawese, siku mbili baada ya maziko. Alikuwa akimimina mafuta kwenye chupa yangu, akasema bila kuinua macho: "Madame, ile mwalimu wa Kizuka, Consolata, walishamuzika juzi. Ulikuwa unamujua?" Nikajibu kwamba nilimjua kidogo. Nikaichukua chupa, nikasahau kuifunga, na nilipofika nyumbani mfuko wangu wa kitambaa ulikuwa mwekundu wote. Eti nilimjua kidogo. Karibu mwaka mzima tuliketi benchi moja katika shule ya ualimu, tukagawana kipande kimoja cha sabuni kwa kukikata na uzi. Kisha kwa zaidi ya miaka thelathini nikawa nampita katika soko hilihili na kumwambia "Amahoro", naye ananijibu "Amahoro", basi, kila mtu na kikapu chake.

Siku ya kumaliza matanga, Jumamosi, nilikwenda Kizuka. Ziwa limekula ufukwe miaka hii, na mahali pengine kuta za nyumba zimesimama ndani ya maji kama watu wanaoogopa kuendelea kuoga. Nilikaribishwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, nikapewa Fanta, nikaambiwa kwa heshima kubwa kwamba nimewekwa kwenye orodha ya watakaotoa ijambo, hotuba ya kumsindikiza marehemu, kwa kuwa mimi ni mwalimu mstaafu na nilisoma naye. Mkobani nilikuwa na karatasi niliyoiandaa. Ilisema Consolata alikuwa mchapakazi, mpenda watu, mama wa wote. Hotuba za namna hiyo nimezitoa nyingi na hazijawahi kunigharimu kitu. Lakini ua lile nililijua. Upande wa kushoto wa jiko palikuwa bado na presi ya zamani ya kukamulia mawese, ile ya chuma yenye mti mrefu wa kuizungusha, na mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa anachemsha chikichi, matunda ya mchikichi, kwa sababu kazi hiyo haisimami hata kwa msiba. Harufu ile nzito na tamu ilinifikia puani, na sauti za watu zikaanza kwenda mbali. Gervais, mume wa Consolata, alikuwa bado anapokea wageni. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kuamua kama nitaisoma karatasi yangu au nitasema ukweli.

Bweni letu la wasichana lilikuwa na madirisha yaliyotazama ziwa. Asubuhi mwanga uliruka kutoka juu ya maji, ukaingia ndani na kucheza kwenye mabati ya dari, mpaka ukilala chali ulijiona kama uko chini ya ziwa unatazama juu. Mwaka ule ninaukumbuka hivyo, kutoka chini ya maji. Nakumbuka uji uliokuwa unaganda kabla hujamaliza kuomba dua, ndoo zikigongana, mtu akiimba Kirundi nyuma ya bafu, na chaki, chaki kila mahali, kwenye nywele, kwenye mikate, kwenye mikunjo ya sketi. Mwalimu wetu wa mbinu za kufundisha alitoka milimani, mbali sana na ziwa. Alivaa sweta hata katika joto la Rumonge, na kila sentensi yake ilianza na "Donc", ile "kwa hiyo" ya Kifaransa. Ndiyo maana tulimwita Monsieur Donc, nyuma ya mgongo wake bila shaka. Mwaka wa mwisho kila mmoja wetu alipaswa kufundisha masomo ya majaribio mbele ya wenzake, na wenzake wakageuka watoto wa mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Sheria ilikuwa moja na ngumu: ukikaa kwenye benchi la watoto, wewe ni mtoto, na mtoto hajui kitu ambacho hajafundishwa. Hata kama baba yako ni fundi wa mitumbwi, siku mwenzako anapofundisha mtumbwi unafumbua macho na kuuliza mtumbwi ni nini. Tuliitii sheria hiyo kwa raha. Wanaume wazima wenye ndevu walinyoosha vidole na kulia "Jewe, Madame, jewe", yaani mimi, mimi, na mmoja alikuwa hata anajifanya amepoteza penseli. Baadaye ilikuja kritiki, ambapo kila mtu alisema jambo moja la kusifu na moja la kurekebisha, na Monsieur Donc akatoa pointi.

Mimi nilikuwa nimeanguka mara mbili. Somo la kwanza, la kugawa sehemu, nilipata saba juu ya ishirini. La pili lilikuwa la kunawa mikono, nikapata nane kwa sababu nilisahau kuleta maji. Mara ya tatu chini ya kumi ilikuwa ni kufunga sanduku na kurudi nyumbani, na huko shangazi yangu alishanitengea pembe ya meza yake ya vitenge sokoni. Hakuna ubaya wowote wa kuuza vitenge. Ila mimi nilitaka kuitwa Madame. Nilikitaka kitu hicho kwa uchu ambao sasa unanichekesha, na ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa na sababu ya heshima zaidi, lakini sikuwa nayo. Basi ikafika siku ya kuchomoa mada kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga la Monsieur Donc, nami nikachomoa karatasi iliyoandikwa: jinsi mawese yanavyotengenezwa. Darasa likafurahi kwa niaba yangu. Mtoto wa Rumonge kapewa mawese, walisema, huyu kapita tayari. Na mimi nikacheka nao. Ukweli ni kwamba mawese niliyajua kuanzia kwenye chupa kwenda kwenye sufuria. Nilikulia mtaa wa Waswahili, kati ya msikiti na cherehani, na mchikichi kwangu ulikuwa mti wa kuonekana njiani.

Mtu pekee niliyemwambia alikuwa Consolata, tukiwa tunafua ziwani. Alikuwa msichana mrefu, mzito wa kusema, mwenye tabia ya kutafuna kalamu mpaka wino ukamwachia alama mdomoni. Hakunicheka. Alikamua blauzi yake, akaitandika juu ya jiwe, akasema: "Kuuliza si ujinga, Zaituni. Jumamosi twende kwetu, mama atakuonyesha yote." Tulikwenda kwa miguu, tukapumzika mara mbili, tukala miwa. Kizuka ilikuwa kimya kwa namna ambayo sijaiona tena mahali popote. Michikichi ilikuwa imesimama pande zote, na mwanga ulishuka kati ya makuti ukiwa umekatikakatika, ukatuangukia mabegani. Mama Consolata alitupokea na mikono miwili iliyokuwa na rangi ya matofali mpaka kwenye viwiko. Nilimwamkia, nikamwomba jambo moja. "Mama, unionyeshe kila kazi, kuanzia mwanzo, usiache hata moja." Akasema, "Ego, mwanangu," na neno lake akalitimiza.

Alinionyesha kijana wao akipanda mti kwa kamba kiunoni na kuangusha mkungu wenye miiba. Alinionyesha wanawake wakipukutisha chikichi kutoka kwenye mkungu kwa fimbo, zikidondoka kirahisi, nyekundu na nyeusi. Alinionyesha pipa linalochemka, na presi, na wanawake watatu wanaozunguka na ule mti mrefu, pole pole, wakiongea habari za mkwe wa mtu huku mafuta yakitiririka kwenye beseni. Waliniruhusu kusukuma. Nilizunguka nao sijui mara ngapi, mvuke ukinilowesha uso, mpaka nikasahau kama nazunguka mimi au linazunguka ua. Kila kazi niliiandika. Kando ya ukuta wa jiko palikuwa na rundo kubwa lililofunikwa majani ya migomba, na juu yake niliweka mkoba wangu usichafuke. Lilinihifadhia mkoba wangu siku nzima na sikuliuliza jina. Mchana tulikula bugali wa muhogo kwa sombe, majani ya muhogo, na ndagala, dagaa wa ziwani, sombe imelowa mawese mapya mpaka inang'aa. Nilipokuwa nanawa mikono nilimsikia Mama Consolata jikoni akimwambia jirani yake kwa sauti ya chini: "Iko mutoto muzuri, lakini anaandika sana. Mutu anaandika hivi, anaona saa ngapi?" Nilijua ananisema mimi. Nikalichukua neno lile kama sifa.

Wiki ile nilitengeneza fishi, karatasi yangu ya mpango wa somo, kwa kalamu za rangi nne. Kazi nane, picha nane, kila moja na saa yake. Consolata aliniuliza: "Nikusomee fishi?" Nikasema hapana, iko sawa. Nilikuwa nimemwonyesha ujinga wangu mara moja na sikutaka kuurudia. Mtaani kwetu wazee walikuwa hawaishi kusema mficha uchi hazai, nami nilikuwa nalisikia neno hilo kama ninavyosikia redio ya jirani. Akarudisha kalamu yake mdomoni, akaniacha.

Siku ya somo palikuwa na jua na upepo kidogo, na ziwa lilikuwa likipiga ufukwe taratibu nyuma ya darasa. Nilivaa sketi ya bluu. Nilianza vizuri, na najua nilianza vizuri kwa sababu nilisahau kuogopa. Nikachora mchikichi kwenye tablo, nikachora mtu na kamba yake. "Asubuhi na mapema," nikawaambia watoto wangu wenye ndevu, "baba anakata mkungu. Saa nne mama anapukutisha chikichi. Mchana anazichemsha. Jioni tunapata mawese." Nikawarudishia maswali kama tulivyofundishwa: mkungu unakatwa lini? Asubuhi, Madame. Chikichi zinatoka lini? Saa nne, Madame. Waliitikia, lakini kitu kilikuwa kimebadilika chumbani. Nusu ya darasa walikuwa wametazama madaftari yao. Kijana mmoja wa upande wa Kizuka alikuwa anasoma dari. Nilidhani wamevutiwa. Nyuma kabisa Monsieur Donc alikuwa anaandika kwa utulivu, na mkono wake ulikuwa mwepesi, dalili njema. Yeye alijua ng'ombe na viazi, na mawese aliyajua kwa kipimo cha kijiko tu. Kisha nikaona mkono wa Consolata ukipanda, ukashuka, ukapanda tena.

"Madame," akasema, kwa sauti ya mtoto hasa, kalamu ikiwa bado mdomoni, "mukungu ukikatwa asubuhi, chikichi zinakubali kutoka saa nne?"

Sikujua. Nilitazama fishi yangu, na fishi haikujua. Lakini nilikuwa nimefunzwa la kufanya mwalimu akikwama, na nikalifanya kwa tabasamu: "Swali zuri sana. Nani anaweza kumsaidia mwenzake?" Hakuna mkono ulioinuka. Nilikuwa nimesahau kwamba hawa ni watoto, na watoto hawajui kitu ambacho hawajafundishwa. Walikaa wima wote, watu wazima ambao wamekulia chini ya michikichi, wakanitazama kwa macho ya utii, na kila mmoja wao alikuwa na jibu langu tumboni. Nililisikia ziwa likipiga, likavuta, likapiga. Nilimwona shangazi yangu akikunjua kitenge. Kwa nini nilifanya nilichofanya sijui hata leo. Labda nilichoka tu kushika chaki. "Sijui," nikasema. Monsieur Donc alikuwa ametupa njia nyingi za kutoka kwenye swali gumu, na hiyo haikuwemo. Nikatembea mpaka kwenye benchi letu, nikampa Consolata chaki, nikaketi mahali pake. Palikuwa bado na joto lake.

Alisimama mbele. Hakuchora kitu, alitumia mikono tu. "Mukungu ukikatwa leo, leo haukupi kitu. Ukiulazimisha, utakuchoma mikono tu na chikichi zitabaki. Unauweka kando ya jiko, unaufunika majani, unauacha siku tatu, siku ine. Unapata joto ndani. Halafu unagonga kidogo, zinatoka zenyewe." Akaongeza: "Watu wanapita, wanamuuliza mama, hii mbona hamuikamui? Mama anasema: muuache, siku zake bado." Nikaliona rundo. Nikauona mkoba wangu juu yake. Mama Consolata alikuwa amenionyesha kila kazi kama nilivyoomba, na kule kwao kungoja hakuitwi kazi. Consolata mwenyewe alikuwa na mimi siku nzima na wazo la kunitajia halikumjia, kama vile mtu akikufundisha kupika hakukumbushi kupumua.

Katika kritiki wenzangu walisifu rangi za fishi na mwandiko wangu. Monsieur Donc akawanyamazisha. "Donc," akamwambia Consolata, "ulivunja sheria. Mtoto hajui." Consolata akasimama. "Monsieur, mutoto wa Kizuka angeuliza," akasema. "Nilikuwa mutoto wa Kizuka." Monsieur Donc akamtazama, akanigeukia mimi. "Na wewe, kwa nini ulikwenda kuketi?" Nikamjibu kwamba Consolata alikuwa anajua, na mimi nilikuwa sijui. Akainama kwenye daftari lake. Nilipokwenda kuweka sahihi niliona kumi na tano, iliyokatwa kwa mstari mmoja wa wino, na pembeni yake kumi. "Kumi," akasema. "Si kumi na moja." Nilikuwa nimepita. Nilikuwa Madame.

Mtu mwema angemkumbatia Consolata pale mlangoni. Mimi nilihesabu zile tano nilizopoteza. Nilifikiri: wote walinyamaza kwa kunipenda, huyu peke yake akasema. Bwenini walinibandika jina la Saa Nne, na kila walipoliita nilimtazama yeye. Nikahamia benchi lingine. Alikuja mara moja na nusu yake ya sabuni, akasema, "Zaituni, sikutaka uanguke. Nilitaka usipite na uongo." Nikamwambia murakoze, asante, kwa ile sauti ambayo ni afadhali mtu akutukane, nikaigeukia fishi yangu. Hakuja tena. Tulimaliza shule, yeye akafundisha Kizuka, mimi mjini, na ile Amahoro ikawa lugha yetu nzima. Katika miaka yangu ya kufundisha niliketi kwenye benchi la mwanafunzi mara nyingi na kumpa chaki aliyejua. Wakaguzi walinisifu kwa hilo. Niliwaambia ni mbinu yangu.

Hapo nikasikia jina langu likiitwa. Fanta ilikuwa imepoteza baridi mkononi. Nikasimama mbele ya hema, karatasi ikiwa mkobani, mkoba ukiwa kwenye kiti, na sikuurudia. Nikasema: "Mwihangane, poleni. Mimi nilimkasirikia mwanamke huyu zaidi ya miaka thelathini kwa sababu aliniuliza swali." Akina mama waliokuwa wakigawa vinywaji wakaweka chupa chini. Nikawasimulia yote, mkungu wa saa nne, rundo, kumi na tano iliyokatwa, nusu ya sabuni. Niliwaambia kwamba uongo ule ningeubeba darasani maisha yangu yote, na watoto wa Kizuka wangenicheka kimyakimya maisha yao yote, kama yeye asingeinua mkono. Nikasema nilikuwa na neno la kumwambia na nilimpita nalo sokoni kila wiki. Sikuwa na mwisho wa hotuba, kwa kuwa mwisho ulikuwa kwenye karatasi.

Gervais alikuwa ameketi mbele, mzee mwembamba mwenye kofia magotini. Hakusimama. "Madame Zaituni," akasema, "alikuwa anajua. Soko zote hizo, akirudi, mimi namuuliza: ile mwenzako leo amekusemesha? Anasema, amenisalimu tu. Mimi nakasirika, namwambia, basi nawe usimusalimu tena. Anacheka." Akaigeuza kofia yake. "Anasema: mumuache, siku zake bado."

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha matangani kinachoruhusiwa. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anagonga mkungu kwa fimbo, na nilizisikia chikichi zikidondoka. Nikarudi kuketi. Siku zangu zilikuwa zimetimia Jumamosi ile, saa tisa za mchana, na aliyezingoja hakuwepo.